Siku Niliyosusa Wodini

Jumapili. Mawingu yameufunika mlima Kwaraa tangu asubuhi, manyunyu hayakatiki, na njia ya kuja huku kwetu Nakwa imegeuka tope. Nimerudi kutoka hospitali nimelowa mpaka soksi. Leo sikuwa na zamu. Nilikwenda kwa shughuli yangu mwenyewe, na nataka kuiandika sasa hivi kabla sijaanza kuipamba.

Maana kupamba najua. Mnaonisoma humu mmezoea vituko vya wodini na habari za mbaazi zangu zinazoliwa na mbuzi wa jirani. Leo hakuna kituko. Anayetaka kucheka arudi siku nyingine.

Naona aibu.

Ipo ile aibu ya kuteleza barabarani mbele za watu, unacheka na wewe, yanaisha. Hii ya kwangu imekaa kifuani tangu Jumanne. Nikila ipo, nikisali ipo. Jana jioni nilikuwa nachambua mchele nikajikuta mikono imesimama, natazama tu sinia. Mume wangu akauliza kama naumwa. Nikamwambia kichwa kinanigonga. Huo nao ni uongo, niuweke hapa pamoja na mengine.

Kwa asiyenijua: naitwa Editha, nesi mkunga hapa Babati, wodi ya kina mama waliojifungua kwa oparesheni. Nipo kwenye kazi hii tangu nikiwa binti. Mdomo ninao, na wodi nzima inajua. Lakini mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mdomo wangu si kitu, kibaya changu ni kususa. Nikigombezwa utotoni nilikuwa siendi mezani. Nakaa nyuma ya nyumba nimekunja mikono, nasubiri nibembelezwe. Mama hakubembeleza. "Ukisusa, wenzio wala," anasema, na kweli kaka zangu wanalamba na sufuria. Nilidhani nimekua, nimeacha. Mtu mzima mwenye vyeti na wajukuu wawili!

Sikuacha.

Jumanne asubuhi kulikuwa na mama mmoja ambaye kidonda chake cha oparesheni kilikuwa kimevimba na kuanza kutoa usaha. Daktari alikuwa bado hajafika. Mama analia, kidonda kinanuka, na mimi mikono inaniwasha. Nikachukua mkasi nikakata nyuzi mbili, usaha ukatoka, nikasafisha, nikafunga upya. Yule mama akapumua. Nikajiona bingwa.

Pale nilivuka mpaka, sitafuti maneno. Nesi anasafisha kidonda, anabadilisha bandeji, na akiona usaha anamwita daktari. Kukata nyuzi za oparesheni ni uamuzi wa daktari, kwa sababu chini ya ngozi kuna tabaka nyingine zimeshonwa na mimi siwezi kujua hali yake kwa kutazama juu juu. Nalijua hilo vizuri. Hata manesi wapya nawaelekeza hivyo hivyo.

Dokta Baraka akaja raundi. Ni kijana, makamo ya mdogo wangu wa mwisho, bado mgeni hapa kwetu. Alipokifunua kile kidonda akanigeukia palepale, mbele ya wagonjwa, mbele ya ndugu zao, mbele ya dada wa usafi aliyekuwa anapiga deki. "Nani amekata hizi nyuzi?" Nikasema ni mimi. "Sista, wewe ni nesi. Kuanzia leo mgonjwa wangu usimguse bila mimi kujua."

Hata shikamoo alikuwa hajanipa.

Haki ya Mungu, nadhani hilo ndilo lililoniuma kuliko maneno yenyewe. Kosa langu nilikuwa nalijua. Lakini kijana mdogo vile aingie wodini, asinisalimie, aanze kunisema mbele ya watu ambao muda mfupi tu nyuma nilikuwa nawafokea wasikalie vitanda vya wagonjwa! Nilisikia mtu akiguna kule mwisho wa wodi. Nikajibu, "Sawa, daktari." Kwa sauti tamu kabisa. Anayenifahamu, akinisikia na sauti ile, hukaa mbali.

Nikasusa.

Kususa kwa mtu mzima hakuonekani kwa macho. Sikununa wala sikukunja mikono. Kazi zangu zote nilizifanya, tena kwa unyoofu wa kutisha: dawa kwa wakati, mashuka yamenyooka, vipimo vyote vimechukuliwa. Ila kila jambo lililotaka akili yangu na jicho langu nilililaza. Mgonjwa akisema kidonda kinamvuta, namwambia amsubiri daktari. Ndugu akiuliza kama mgonjwa wake anaweza kunywa uji sasa, namwambia amsubiri daktari. Mwenzangu wa zamu, Anjela, akanitania, "Wee Editha, leo mpole hivyo, umeokoka mara ya pili?" Nikamwambia mimi ni nesi tu. Akacheka akaenda zake. Na mimi moyoni nilikuwa naona raha. Ndiyo, raha. Niandike nini kingine?

Mchana wakamleta Pascalina kutoka thieta.

Pascalina ni binti wa Maisaka, uzazi wa kwanza. Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni, kwa hiyo oparesheni ilipangwa mapema na usiku wa kuamkia siku hiyo alilala kwetu wodini. Akapata mtoto wa kike, mkubwa, ana nywele za kusuka kabisa. Aliyekuwa anamuuguza ni mama mkwe wake, Mama Safari. Safari ndiye mume, dereva wa bajaji pale stendi. Mama Safari ni Mgorowa wa kijijini, Kiswahili chake anakisema polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, lakini ucheshi anao. Asubuhi alikuwa ameniambia kwamba mjukuu akitoka na sura ya Safari arudishwe tumboni.

Sasa nieleze habari ya kanga, maana bila hiyo hamtaelewa.

Huku kwetu mwanamke akishajifungua, tumbo hufungwa. Kanga inakunjwa kama mkanda, inazungushwa kiunoni, inakazwa mpaka mzazi anahema juu juu, ili tumbo lirudi. Kina mama wanafanya hivyo kwa upendo mtupu, kama walivyofanyiwa wao. Aliyejifungua kawaida siwezi kugombana naye sana. Lakini aliyetoka thieta siku hiyo hiyo, hapana. Tumbo lake tunatakiwa kuliona na kulishika kila mara, tujue kizazi kimekaza au kimelegea. Kizazi kikilegea kinavuja. Na damu nyingine inabaki humo humo ndani, nje ukaona kidogo ukasema yuko salama.

Kufungua kanga ni kazi yangu ya kila siku, na kwangu ni kama mchezo. Napita kitanda kwa kitanda: "Bibi, huyu ni mzazi au mzigo wa kuni? Fungua!" Wanacheka, wanafungua. Nikigeuka wanafunga tena, nami narudi tena. Sijawahi kuchoka mchezo huo.

Jumanne nilimwona Mama Safari akimfunga Pascalina. Alikuwa ameweka goti moja juu ya kitanda ili aikaze vizuri. Alinitazama, nadhani alikuwa anangoja nimfokee kama ninavyowafokea wengine. Nikapita. Moyoni nilisema maneno haya haya ninayoyaandika: mgonjwa si wangu, ni wa daktari.

Baadaye kidogo Mama Safari akanifuata mezani. "Mwanangu, huyu anasema baridi. Blanketi moja anasema haitoshi."

Nikampa blanketi la pili. Nikampima Pascalina. Mara ya kwanza alipotoka thieta vipimo vilikuwa vizuri. Sasa mapigo ya moyo yalikuwa yanakimbia na presha imeanza kushuka. Midomo imepauka. Nikafunua blanketi nikatazama pedi, damu haikuwa nyingi. Ile kanga ilikuwa pale mbele yangu, fundo lake ubavuni. Mkono wangu ulikwenda. Nakumbuka kabisa, ulikwenda wenyewe, na mimi nikaurudisha.

Usimguse bila mimi kujua. Haya, basi ajue.

Nikapiga simu thieta. Dokta Baraka alikuwa na mgonjwa mwingine mezani, akapokea mtu mwingine. Nikasema, "Mwambie daktari mgonjwa wake aliyetoka anasikia baridi."

Anasikia baridi! Sikutaja mapigo, sikutaja presha. Katika maneno yote niliyokuwa nayo nilichagua lile dogo kuliko yote, makusudi, ili akichelewa ionekane kachelewa yeye. Nikakata simu, nikaenda kukaa kwenye meza yetu ambayo ukiwa pale unaviona vitanda vyote na vitanda vyote vinakuona wewe. Nikaanza kupanga makaratasi ambayo yalikuwa yameshapangwa.

Mama Safari hakuja tena. Nikajiambia basi, mgonjwa kapata joto.

Nilikaa muda gani? Sitaki kukadiria. Kila nikikadiria najikuta najipunguzia.

Kazi ya nesi ina mipaka, na nimeusema mpaka nilioruka asubuhi. Lakini kushika tumbo la mzazi na kukanda kizazi kilicholegea, hiyo ni kazi yangu. Kuweka dripu ya pili, kuchoma ile sindano ya kukaza kizazi, kupiga kelele watu waje, zote ni kazi zangu. Kwenye dharura kama ile hata ruhusa haiombwi, utaratibu uko wazi, na mimi mwenyewe nimewahi kusimama mbele ya wenzangu kuueleza. Asubuhi nilifanya kisichokuwa changu nikajisifu. Mchana nikaacha kilicho changu, nikajiita mtiifu.

Anjela alikuwa amekwenda kuchukua dawa. Aliporudi na boksi lake akapita karibu na kitanda cha Pascalina, akamtupia jicho usoni, boksi likaanguka. "Editha! Editha, njoo!" Fundo la kanga lilikataa kufunguka, akachukua mkasi akaikata. Anapokata anapiga kelele, "Nani amefunga hivi? Nani amemfunga huyu mtu hivi?" Mama Safari amesimama pembeni, kamkumbatia mtoto.

Chini ya kanga kizazi kilikuwa kimepanda juu ya kitovu, kimelegea kama unga wa chapati uliokandwa. Anjela alipokibonyeza, Mungu wangu. Yalitoka mabonge ya damu, na damu nyuma yake, ikashuka mpaka sakafuni.

Hapo ndipo nilipoamka. Nilipanda kitandani kwa magoti, nikakanda kizazi. Anjela akaweka dripu ya pili, nikamwambia sindano, akachoma. Tukamwekea oksijeni, tukamtuma dada wa usafi akimbie maabara kuomba damu, nikampigia kelele mtu wa mapokezi aende mwenyewe mpaka thieta, asipige simu. Hakuna aliyenipa ruhusa, na wala sikukumbuka kuiomba. Mikono ile ile niliyoirudisha nyuma sasa ilikuwa inajua kila kitu.

Dokta Baraka alikuja anakimbia, kofia ya thieta bado kichwani. Hakuuliza mengi. Wakamrudisha Pascalina kule alikotoka.

Kizazi kilikataa kukaza. Walijaribu walichojaribu, mwisho wakakitoa. Madereva wa bajaji wenzake Safari walikuja kundi zima kujitolea damu, wengine na makoti yao ya mvua, wamepanga foleni kama wanaosubiri abiria. Pascalina akapona. Ana mtoto mmoja, na hatazaa mwingine.

Hayo ndiyo ya Jumanne. Ya baada yake ni mabaya zaidi.

Jumatano Mama Safari alinishika mikono yote miwili. Yeye alichokiona ni mimi nikiwa juu ya kitanda natoka jasho, naokoa mkamwana wake. Kile cha mwanzo hakukielewa, angekielewaje? Akaniambia mtoto wamempa jina. Wamemwita Editha. "Ulikimbia sana, mwanangu. Na yeye akimbie hivyo." Wodi nzima ikapiga vigelegele. Anjela naye akapiga, huku ananitazama, na sikujua anajua kiasi gani.

Kwa hiyo sasa Pascalina ni Mama Editha. Majirani wa Maisaka watamwita hivyo mpaka azeeke. Dukani, kanisani, kwenye vikoba, Mama Editha, Mama Editha. Na hakuna mtoto mwingine atakayekuja kumbadilishia jina.

Nilitabasamu. Nilimbeba yule mtoto nikatabasamu, nikapigwa na picha.

Alhamisi nilimkuta Mama Safari peke yake kibarazani, analia kimyakimya na upande wa kanga mdomoni. Nikauliza kuna nini. "Ni mimi niliyefunga," akasema. "Yule sista alisema nani amefunga. Ni mimi. Nimeharibu tumbo la mtoto wa watu. Kwao nitasema nini?" Nyumbani wameshaanza kunong'ona, akaniambia, kwamba mama mkwe ndiye aliyemmaliza mkamwana. Hata Safari kamjibu kwa mkato, yeye ambaye hajawahi kumjibu hivyo.

Kanga haikulegeza kizazi. Kizazi kinalegea chenyewe, hasa mtoto akiwa mkubwa. Kanga ilikificha tu, na wa kuiondoa kanga nilikuwa mimi, na niliiona. Ningeweza kumwambia maneno hayo palepale. Ni machache.

Nikamwambia, "Pole mama, ni mapenzi ya Mungu."

Nimewahi kusema uongo mwingi wa wodini, ule wa kumtia mtu moyo. Huu ulikuwa wa namna nyingine. Nilimtwisha bibi wa watu mzigo wangu, halafu nikamsingizia Mungu kwamba ndiye aliyeufunga.

Ijumaa akanijia Dokta Baraka. Nilikuwa naosha mikono. "Shikamoo, dada," akasema, na nilitamani sinki linimeze. Akasema sikupaswa kusemwa mbele za watu, hata kama zile nyuzi hazikuwa kazi yangu, na kwamba anaomba samahani. Halafu akasema Jumatatu hii inayokuja kuna kikao cha kujadili kilichompata Pascalina, na yeye atakubali kuwa alichelewa. Ujumbe ulimfikia, akaambiwa mgonjwa anasikia baridi, akaona anaweza kumaliza kwanza aliyekuwa mezani. "Ningesikiliza vizuri," akasema.

Ungesikiliza nini, mwanangu? Nilikunyima cha kusikiliza.

Nikamwambia, "Marahaba." Nikakausha mikono nikaondoka. Hilo tu, marahaba, kama mtu aliyedai kitu akalipwa.

Jana nilishinda shambani nikijidanganya kwamba nang'oa magugu. Nilijaribu kila mlango. Nilisema nilipiga simu, na ni kweli nilipiga. Nilisema nilizuiwa nisimguse, na ni kweli maneno hayo yalisemwa, mashahidi wapo wodi nzima. Nilisema labda kizazi kingetolewa tu hata ningewahi, na hilo hakuna anayejua, hata dokta hajui. Kila mlango ulifunguka vizuri, na kila nilipotaka kutoka nilimkuta Mama Safari kibarazani na kanga mdomoni.

Leo baada ya ibada nikapanda bajaji mpaka hospitali. Dereva alinitambua. "Sista Editha! Wewe leo bure." Nikamlipa kwa nguvu mpaka akakasirika.

Pascalina alikuwa amekaa, ameegemea mto, ananyonyesha. Amekonda uso, lakini midomo imerudi rangi. Mama Safari alikuwa anamkorogea uji. Nikavuta kiti, nikawaambia nina neno na wanisikilize mpaka mwisho, maana nikikatishwa nitakimbia.

Nikasema. Nilisema niliiona kanga ikifungwa na kazi yangu ilikuwa kuifungua. Nikasema mapigo yalikuwa yanakimbia na niliyapima mwenyewe. Nikasema mkono wangu ulikwenda kwenye fundo nikaurudisha, kwa hasira, kwa sababu nilisemwa mbele ya watu na nikataka daktari aone. Nikamwambia Mama Safari, "Si kanga yako, mama. Ni mimi. Kawaambieni na nyumbani, nitakuja kuwaambia mwenyewe mkitaka."

Mama Safari hakunielewa vizuri, nilikuwa naongea haraka na ninalia. Akamtazama mkamwana wake. Pascalina akamweleza kwa Kigorowa, polepole, sentensi moja moja, na mimi nikawa nasikia habari yangu katika lugha nisiyoijua. Nilitambua neno kanga. Nilitambua jina langu. Mama Safari akaweka kijiko chini, akainuka, akatoka nje bila kunitazama. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nikamwambia Pascalina kuhusu jina, kwamba wabadilishe, mtoto bado mdogo, hakuna atakayeona ajabu.  Alimhamisha mtoto titi la pili, akamfuta mdomo. Mimi nikainuka niende.

"Sista," akasema. "Siku ile asubuhi nilikuwa hapa. Nilisikia dokta alivyokusema."

Nikasema najua, wodi yote ilisikia.

"Nilikuhurumia. Halafu nilipotoka thieta nikawa nakuona pale mezani, umeinama. Mama alitaka kuja kukuita tena, nikamzuia. Nilimwambia muache sista, leo ameumizwa, baridi hii nitaivumilia."

 Nilisimama pale nimeshika chuma cha kitanda mpaka nesi wa zamu akaniuliza kama nataka maji.

Kikao ni kesho asubuhi. Nitaomba kusema wa kwanza, kabla Dokta Baraka hajafungua mdomo kujilaumu. Nitataja nyuzi, nitataja simu, nitataja kanga. Wakinisimamisha kazi, wanisimamishe. Na alichoniambia Pascalina nitakisema pia, kama nitaweza kukisema na sauti ikatoka.